Kadhi Aliyekuwa Mgeni: Maisha ya Sayyid Ahmad bin Sumeit kwa Watoto wa Pwani ya Palma



Ndugu zangu wasomaji, tarjama za wanavyuoni huandikwa kwa mpangilio tunaoujua sote: nasaba, kuzaliwa, masheikh, wanafunzi, vitabu, kufa. Ni mpangilio mzuri na una faida yake, maana elimu yetu imesimama juu ya sanadi. Safari hii lakini nataka kumweleza Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, Allah amrehemu, kwa kuanzia upande mwingine. Tunaosoma fiqhi ya Kishafi tunamjua kuwa ni kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925. Mimi nitamweleza kama mtu aliyehama, mtoto wa mtu aliyehama na baba wa mtu aliyehama.

Sababu yangu ni darasa. Kila likizo narudi nyumbani Palma, kaskazini ya pwani ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, nikamsaidie mwalimu wangu wa utotoni kusomesha chuoni kwake. Palma iko kwenye ghuba ya Tungi, kusini kidogo ya mdomo wa mto Ruvuma. Ukivuka mto uko mkoa wa Mtwara. Ni mji wa Wamwani, Wamakwe, Wamakonde na Wamakua, na Kiswahili utakisikia sokoni tangu asubuhi. Tangu vita ilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na ilipofika Palma penyewe tarehe 24 Machi 2021, watu wa mkoa wetu waliolazimika kuyahama makwao wamepita laki saba. Kwa hiyo mkekani pale chuoni wanakaa watoto wa Mocímboa, wa Nangade, wa vijiji vya Macomia, pamoja na wa Palma ambao nao walikimbia kisha wakarudi. Na kabla ya vita kufika Palma tulishakuwa na wahamaji wengine: watu wa kijiji cha Quitupo waliohamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi wa Afungi, wavuvi wa Nampula wanaofuata samaki, na wafanyakazi kutoka kusini ambao kwetu wana jina lao la Kireno, vientes, yaani wale waliokuja.

Watoto wanayajua majina yote hayo na wanayatumia. Mtoto aliyekimbia ni deslocado hata kama amekaa mjini miaka mitatu na anajua kila kichochoro. Mwalimu aliniomba niwafundishe somo la kuhama na ugeni. Shuleni wamelisoma kwa ramani yenye mishale na hesabu za maelfu, na wanaweza kulijibu kwenye mtihani bila shida, kisha wakatoka nje kwenda kuitana majina yaleyale. Hijra ya Mtume (s.a.w.) wanaijua, kila Muharram wanaisikia. Ila kwao hijra ni jambo la Makka na Madina, la watu watukufu wa zamani; haiwagusi wao waliolala porini siku nne. Nikaona nitafute mtu mmoja wa bahari yetu hii, niwape maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, kidogo kidogo kila baada ya alasiri. Nikamchukua Sayyid Ahmad.

Nilianza na baba yake. Sayyid Abubakar bin Abdallah bin Sumeit asili yake ni Shibam, katika bonde la Hadhramaut, kusini ya Arabuni. Ni nchi kavu, yenye mitende kidogo na vita vingi vya makabila, na kwa karne nyingi watu wake wameishi kwa kuondoka. Kijana akifikia umri alikwenda Hind, Java, au pwani yetu, akatuma pesa nyumbani, na akijaaliwa akarudi kufa kwao. Wengi hawakurudi. Katika pwani ya Afrika Mashariki wale maskini wao, wachukuzi na wenye vibanda vya kahawa, waliitwa Washihiri, kwa jina la bandari yao ya Shihr, na jina lile halikuwa la heshima. Hapo watoto walicheka. Walilielewa mara moja, kwa kuwa wanajua jinsi jina la mahali linavyoweza kugeuka tusi.

Sayyid Abubakar hakuwa mchukuzi. Alikuwa sharifu, mtu wa elimu na biashara ya majahazi, naye akaweka makazi Itsandra, kisiwa cha Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Ngazija iko kiasi cha kilomita 300 mashariki ya pwani yetu ya Cabo Delgado. Mabaharia wa zamani hawakuiona kuwa mbali. Huko Itsandra ndiko alikozaliwa Ahmad, mwaka 1277 wa Hijra, sawa na Januari 1861. Alisoma kwanza kwa baba yake, na alipofiwa na baba alikuwa bado mdogo. Miongoni mwa waliomsomesha katika miaka hiyo ni Sayyid Abulhasan bin Ahmad Jamalilleil, ambaye wapenzi wa Habib Saleh wa Lamu watamkumbuka, maana naye Habib Saleh ni mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu, akawa ndiye nguzo ya Msikiti wa Riyadha. Bahari yetu imejaa hadithi za namna hii. Tunawaita wanavyuoni wa Lamu, wa Zanzibar, wa Mombasa, na ukiuliza walikozaliwa unaambiwa kwingine.

Kitu kimoja kwenye ujana wa Sayyid Ahmad kiliwapendeza watoto kuliko vyote. Huyu mwanachuoni alikuwa baharia. Alifanya biashara ya majahazi na kuongoza chombo mwenyewe kati ya Komoro, Bukini na Zanzibar. Watoto wa Palma wanaijua kusi na kaskazi bila kufundishwa. Nilipowaeleza kwamba kutoka Ngazija kwenda Unguja angesubiri kusi, na kurudi angesubiri kaskazi, wao ndio walionieleza mimi miezi. Mvulana mmoja, ambaye baba yake ana ngalawa, alitaka kujua jahazi lake lilikuwa la tanga moja au mawili. Tulibishana juu ya jahazi zima la kipindi, na wala sikujali. Kwa mara ya kwanza mwanachuoni wa vitabuni alikuwa ni mtu mwenye mikono migumu.

Mwaka 1298 Hijria, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alisafiri kwenda Hadhramaut kwa mara ya kwanza. Akasoma kwa wakubwa wa zama zile, akina Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun na Sayyid Aidarus bin Umar al-Habshi. Hii safari inastahili kutazamwa kwa makini. Alikwenda kwao ambako hakuwahi kukaa. Nasaba ilikuwa ya pale, makaburi ya mababu yalikuwa pale, lakini yeye alikuwa ni mtoto wa kisiwani aliyekulia penye mvua na minazi. Watoto wa wahamaji wote wanaijua hali hii. Kuna watoto Palma waliozaliwa Tanzania wakati wazee wao walipokuwa wakimbizi, wakarudishwa kwao na kuambiwa hapa ndipo kwenu, wakati rafiki zao wote wako Mtwara.

Aliporudi, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alimpa ukadhi. Ilikuwa ni miaka ya mwanzo ya 1880, na kadhi mwenyewe alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Zanzibar ile watawala walikuwa Maibadhi na raia wengi Mashafi, kwa hiyo palikuwa na makadhi wa madhehebu zote mbili. Na makadhi wa Kishafi wenyewe walikuwa wametoka kila mahali. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao katika zama hizo, alitoka Barawa, pwani ya Wasomali, akawa kadhi Kilwa angali kijana, na Sayyid Barghash akamtuma safari za bara hadi kwenye bonde la Ruvuma, mto wetu huu. Kijana wa Kingazija mwenye asili ya Hadhramaut katika mji kama huo alikuwa mgeni mara mbili, lakini mji wenyewe ulijaa wageni, kila mmoja na msikiti wake na mtaa wake.

Kisha mambo yakaharibika. Katikati ya miaka ya 1880 Sayyid Ahmad alitofautiana na Sultani, akaacha ukadhi na akaondoka Zanzibar. Nilisimama sana hapa, siku mbili nzima, kwa sababu hapa ndipo maisha yake yanapofanana zaidi na ya wale watoto. Mpaka hapo alikuwa ameondoka mara kwa mara, lakini kwa hiari: kwa biashara, kwa kusoma, kwa kupanda cheo. Safari hii alitoka kwa kuwa mwenye nguvu amemkasirikia. Ukimtazama kwa nje ni chombo kilekile na bahari ileile. Tofauti ni kwamba aliyetoka namna ya kwanza anajua siku ya kurudi, na aliyetoka namna ya pili hajui. Niliwauliza watoto nani kati yao aliondoka na ufunguo wa nyumba. Mikono iliinuka mingi kuliko nilivyotazamia.

Alikwenda hadi Istanbul, mji mkuu wa dola ya Uthmaniya. Hakujua mtu kule isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyempokea: Sayyid Fadhl bin Alawi. Maisha ya huyu mwenyeji wake ni somo jingine. Alizaliwa Malabar, kusini ya Hind, katika ukoo uleule wa masharifu wa Hadhramaut. Waingereza walimlazimisha kuondoka huko mwaka 1852 kwa kumtuhumu kwamba anawachochea Waislamu wa Malabar. Baadaye akatawala Dhofar, katika nchi ambayo leo ni Oman, kuanzia mwaka 1876, na mwaka 1879 akatolewa na watu wa huko. Akaishia Istanbul akiwa mgeni mheshimiwa wa Sultani Abdulhamid wa Pili, kila siku akitumaini kurudi, na hakurudi. Alifariki hukohuko mwaka 1900. Kwa hiyo kadhi aliyefukuzwa na mji alipokewa na mtawala aliyefukuzwa na nchi mbili. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Palma ilipovamiwa, familia nyingi zilifikia Pemba katika nyumba za jamaa, na jamaa wenyewe walikuwa wamekimbia Mocímboa mwaka uliotangulia, wakaenea ishirini na zaidi katika vyumba viwili.

Sayyid Ahmad hakukaa bure Istanbul. Alisoma kwa Sayyid Fadhl, akajuana na wakubwa, na Sultani Abdulhamid akamtunuku nishani. Kutoka huko alipita Misri, akaenda Makka akazidi kusoma, akasafiri Hind hadi Java, ambako Wahadhrami walikuwa ni wengi kama walivyokuwa kwetu. Mtu anaweza kusema hii ilikuwa bahati, kufukuzwa kukamzidishia elimu, na waandishi wengine wa tarjama hupenda kulieleza hivyo. Mimi sipendi kuwaambia watoto waliokimbia kwamba kukimbia kuna faida. Nilisema tu kwamba alisoma, kwa sababu alisoma. Na niliwaambia kwamba katika miaka hiyohiyo ya ugeni wake, mwaka 1886, kule Itsandra alizaliwa mwanawe, Umar.

Sasa nitoke kidogo kwenye maisha ya Sayyid, maana mwaka huo wa 1886 una mambo yake, na kwa mtu wa Palma haupitwi hivihivi. Wakati yeye yuko mbali, mistari ilichorwa juu ya pwani yake yote. Ngazija, alikozaliwa, iliingia chini ya himaya ya Ufaransa mwaka huo. Waingereza na Wajerumani nao walikubaliana kwamba mamlaka ya Sultani wa Zanzibar juu ya pwani yawe ni ukanda wa maili kumi, kuanzia mto Minengani unaoingia kwenye ghuba ya Tungi, yaani hapa kwetu, mpaka Kipini kule kaskazini. Tungi ikawa mwisho wa kusini wa nchi ya Sultani. Mwezi Desemba Wajerumani na Wareno nao wakakubaliana kwamba mpaka wao uwe mto Ruvuma. Februari 1887 manowari za Wareno zikapiga mizinga vijiji vya ghuba hii, na Tungi ikatoka mikononi mwa Zanzibar. Sayyid Barghash, yuleyule aliyekosana na kadhi wake, aliishi mwaka mmoja tu baada ya hapo. Kionga, kijiji cha kaskazini ya Palma, kilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, na Wareno wakakitwaa mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia.

Fikirini mzee wa Kionga aliyezaliwa mwaka 1860, umri mmoja na Sayyid Ahmad. Sayyid alizunguka nusu ya dunia ya Kiislamu. Huyu mzee hakutoka kijijini kwake, alilima mpunga wake na kuswali katika msikiti mmoja, na bado alikuwa raia wa Sultani, akawa mtu wa Wajerumani, akafa mtu wa Wareno. Nduguze waliooa ng'ambo ya Ruvuma wakawa wageni bila ya kupanda chombo. Hili niliona lazima liingie katika somo la uhamiaji. Vitabu vya shule huonyesha watu wakivuka mipaka, na ni mara chache kuonyesha mipaka ikivuka watu.

Turudi kwa Sayyid. Barghash alifariki Machi 1888, na katika mwaka huo Sayyid Ahmad akarudi Zanzibar na kurudishiwa ukadhi chini ya utawala mpya. Alikuwa na miaka 27. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, hakutoka tena kwa nguvu ya mtu. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, mahakama zikabadilika, majaji wa Kizungu wakakaa juu, naye akaendelea na kazi yake. Maswali ya kifiqhi yalimfikia kutoka pwani nzima. Aliandika pia, wanafunzi wa fiqhi hapa chuoni kwetu watakikuta kitabu chake al-Ibtihaj, kinachofafanua istilahi za Imam Nawawi katika Minhaj, na naomba msikiogope, ni kifupi na kinasaidia sana wakati wa mitihani.

Kwangu mimi, darasa lake linavutia kuliko mahakama yake. Kwa Sayyid Ahmad na kwa rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Unguja, walikuja kusoma vijana wa kila bandari. Alikuja Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui kutoka Mombasa, ambaye baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikuwamo Burhan Mkelle, mwenye asili ya Komoro, aliyekuja kumwandikia mwalimu wake tarjama. Bakathir mwenyewe alisafiri hadi Cape Town kuwasuluhisha Waislamu wa huko waliogombana juu ya swala ya Ijumaa. Ni lazima chombo chake kilipita mbele ya pwani yetu, kwenda na kurudi. Wenyeji wa Zanzibar walikubali kuhukumiwa ndoa zao, mirathi yao na mashamba yao na mtu ambaye hakuzaliwa kwao, na wakaona ni jambo la kawaida. Na kadhi ndiye anayeingia ndani kabisa ya nyumba za watu. Nani ameachwa, nani anarithi, mtoto ni wa nani. Mtoto mmoja wa Nangade alilishika hili kuliko wote. Alitaka kujua ilichukua miaka mingapi mpaka wakaacha kumwita Mngazija. Nikamwambia hawakuacha, jina lilibaki, ila halikumzuia kitu.

Hapo ndipo darasa liliponigeukia, na nashukuru liligeuka. Msichana mkubwa kidogo, asiyesema sana, alisema kwa maneno yake kwamba Sayyid alipokewa vizuri kwa kuwa alikuwa Sayyid. Ana haki. Sayyid Ahmad alikuwa na nasaba inayofungua milango kutoka Shibam hadi Istanbul, alikuwa na elimu, alikuwa na jamaa katika kila bandari. Bahari ileile, katika miaka ileile ya utoto wake, ilibeba watu wengine kutoka pwani yetu. Kisiwa cha Ibo kilikuwa soko la watumwa lenye jina, na majahazi yaliwachukua Wamakua na wengine kwenda Komoro, Bukini na Unguja. Mkataba wa kufunga biashara ile baharini Sayyid Barghash aliutia saini mwaka 1873, Ahmad akiwa na miaka 12, na baada ya mkataba bado vyombo vilitembea usiku. Mpaka leo magharibi ya Bukini wako watu wanaojiita Wamakoa, wajukuu wa waliovushwa. Nao ni wahamiaji wa bahari hii, wengi kuliko masharifu. Hakuna Burhan Mkelle aliyewaandikia tarjama.

Nadhani hili ni udhaifu wa vitabu vyetu vya tarjama, na nalisema kwa adabu, maana navipenda. Vinahesabu baba, sheikh na mwanafunzi. Mama hutajwa kwa nadra, na baharia aliyeshika usukani hatajwi kabisa. Ukifundisha uhamiaji kwa maisha ya watu wakubwa peke yake, mtoto aliyekimbia na chungu kichwani ataondoka akidhani kwamba mgeni hupokewa kwa sababu ya cheo chake.

Kwa hiyo wiki ya mwisho niliacha kusimulia. Nikawapa kazi: kila mmoja achague mzee mmoja, wa nyumbani au jirani, amuulize yale tuliyokuwa tukijiuliza juu ya Sayyid Ahmad. Aliondoka kwa hiari au kwa nguvu, nani alimpokea, aliacha nini, na kama njia ya kurudi ilifunguka alirudi au alibaki. Waandike kwa lugha wanayoweza, Kiswahili, Kimwani, Kimakwe au Kireno. Sharti lilikuwa moja, kwamba mtoto wa Palma amuulize mzee aliyetoka nje, na mtoto aliyetoka nje amuulize mzee wa Palma.

Baadhi walirudi mikono mitupu. Kuna wazee ambao hawako tayari kusema, na niliwakataza watoto wasiwabembeleze. Nilimwomba mwalimu asisomwe mtu kwa sauti pasipo ruhusa yake, naye akakubali. Lakini zilikuja tarjama kumi na mbili. Mtoto wa Mocímboa alimwandika bibi mmoja wa Palma ambaye sisi sote tulimdhania ni mwenyeji asiyewahi kutoka. Kumbe alivuka Ruvuma akiwa msichana, vita vya kupigania uhuru vilipoanza mwaka 1964, akakaa na wazazi wake katika kambi ya Rutamba, mkoa wa Lindi, akarudi uhuru ulipopatikana mwaka 1975. Akavuka tena katika vita vilivyofuata. Na mwaka 2021 akavuka mara ya tatu, safari hii akibebwa mgongoni na mjukuu. Yule mtoto aliandika pia kwamba bibi aliuliza kwao ni wapi, na alipomtajia mtaa wake wa Mocímboa, bibi akamtajia jina la kisima kilichokuwa hapo zamani.

Sayyid Ahmad alifariki mwezi wa Shawwal 1343, sawa na Mei 1925, majuma machache baada ya rafiki yake Bakathir, akazikwa Unguja. Watoto walidhani hadithi imeisha. Nikawaambia bado kuna Umar. Yule mtoto aliyezaliwa Itsandra mwaka 1886 baba akiwa ugenini alipelekwa kusoma Hadhramaut, akafanya biashara Bukini, akawa kadhi Zanzibar kama baba yake, na alipokuwa mzee wa karibu miaka themanini Mapinduzi ya 1964 yakamtoa. Akaenda Hadhramaut, kwa mababu. Huko nako siasa zikabadilika. Akarudi Ngazija, alikozaliwa, na huko akafariki mwaka 1976.

Tarjama yake nimewaahidi likizo ijayo, inshaAllah. Nakala ya kitabu cha Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, niliyokuwa nikiitumia ilikuwa ya kuazima na nimeshairudisha. Kama kuna ndugu hapa chuoni mwenye nakala yake na yuko tayari kuniazima kwa wiki sita, anitafute msikitini baada ya swala ya Isha. Nitaifunga kwenye nailoni, maana njia ya Palma ina mchanga na maji.